Gauni la Kufia la Evstolia

Kila Jumamosi, wakishatoka kwenye bafu la mvuke, Evstolia alimwagiza bintiye afungue kasha.

Bintiye, Kapitolina, ambaye kijiji kizima cha Lendoga kilimwita Kapa, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mjane asiye na mtoto, na ndiye aliyeoka mikate ya kijiji. Tangu ujana mikono yake ilikanda unga, na gunia alilibeba begani bila kuomba msaada. Lakini kila alipoushika mfuniko wa lile kasha, mikono hiyo hiyo ilikuwa mizito kama risasi.

Ndani ya kasha mlikuwa na bunda lililofungwa kwa shuka. Alilifungua juu ya meza akapanga vitu kimoja kimoja: shati refu la kitani, soksi za sufi, kitambaa cheupe cha kichwa, mshipi mwekundu wa kufumwa, na mwisho kabisa sarafani, lile gauni lisilo na mikono ambalo wanawake wa mto Pinega walilivaa zamani, likining'inia mabegani kwa mikanda miwili myembamba. Ilikuwa ya kitani, imetiwa nili hadi ikakaribia weusi, na mbele kifuani ilikuwa na marinda madogo madogo yaliyobanana kama mistari ya daftari.

"Shati kwanza," Evstolia alianza, ameketi na kikombe cha chai, nywele bado zinatoa mvuke. Alikuwa na miaka themanini na minne. "Halafu sarafani. Mshipi uuzungushe tu, usifunge fundo. Fundo litanikwamisha njiani. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Nimesikia tangu mwaka juzi."

"Basi sema. Unaanza na nini?"

"Naanza na chai. Inapoa."

"Mjinga wewe! Nitakuja kuzikwa na taulo la kantini, nakuona hivi hivi."

Jirani yao Fevronia, ambaye alikaribia miaka themanini na ndiye aliyewaosha wafu wote wa kijijini, alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. "Usihofu, Stolia. Kapa akisahau mimi nipo. Nitakupamba hadi malaika wakupose."

Kapa hakucheka. Mumewe alikuwa amekufa maji akisindikiza magogo mtoni, wiki tatu tu kabla hawajatimiza mwaka wa pili wa ndoa, na tangu siku ile hapakuwa na mwingine nyumbani ila mama yake. Kila Jumamosi ile nguo ilipotandazwa mezani, yeye aliona mtu amelala ndani yake.

Mwezi wa nane alifika mgeni kutoka Leningrad. Jina lake lilikuwa Regina Osipovna, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na ushei, mtaalamu wa nguo za kale. Alishuka kwenye ndege ndogo ya mabawa yaliyopandana akiwa na mkoba wa turubai na viatu vya mvua, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba aonyeshwe nguo za mabibi. Wengi walimpa chai wakamficha nguo. Evstolia alimpa vyote viwili, maana alimwona jinsi alivyoshika kitambaa: kwa kiganja, si kwa ncha za vidole.

Alipofika kwenye sarafani, Regina aliisogeza kwenye mwanga. Akaigeuza, akaangalia mikanda mahali iliposhonewa kwa mbele, pale ambapo kila mkanda ulikunjwa mara mbili ukafanya kitanzi kidogo. Akatoa lenzi mfukoni. Akatazama muda mrefu hata Evstolia akachoka.

"Umeona chawa?"

"Hapana, Bibi." Regina akacheka, macho yana maji. "Naomba nikusimulie kitu. Kule kusini, karibu na ziwa Ladoga, tulichimba kaburi la mwanamke. Amelala pale kama miaka elfu moja. Kifuani alikuwa na bizimu mbili kubwa za shaba nyeusi, zimebinuka kama gamba la kobe, moja huku, moja huku. Wanawake wa Waviking ndivyo walivyofunga mikanda ya magauni yao."

"Na gauni lenyewe?"

"Limeoza. Ila kutu ya shaba imetuhifadhia vipande ndani ya bizimu. Vitanzi viwili vya kitani, na marinda kiasi cha ukucha huu."

"Waviking ndio wale majambazi wa mashua?"

"Majambazi, wachuuzi, na wake zao na watoto. Walipita kwenye mito hii."

"Lo! Basi mama yangu alinishonea gauni la majambazi!" Evstolia alipiga paja. "Kapa, umesikia? Ndiyo maana una kiburi."

Regina hakutaka kumdanganya. Akamwambia kwamba hajui kama nguo hizo mbili ni ndugu. Kati ya kaburi lile na magauni ya Pinega kulikuwa na mamia ya miaka ambayo hakuna aliyepata hata uzi mmoja. Jina lenyewe la sarafani lilitoka Uajemi, mbali kabisa na Waviking. "Wenzangu wananicheka, Bibi. Wanasema mwanamke yeyote akisikia joto ataondoa mikono ya gauni aweke mikanda. Hahitaji kufundishwa na mtu."

"Wenzako hao ni wanaume?"

"Wengi wao."

"Wamewahi kushona?"

"Sidhani."

"Ehee," alisema Evstolia, kama mtu aliyemaliza kesi.

Siku ya tatu Regina alilitoa ombi lake. Alitaka kuipeleka sarafani mjini kwa wiki sita tu, ailaze kando ya vile vipande, azitazame nyuzi kwa darubini. Mchoro hautoshi, alisema. Angeirudisha mwenyewe kwa mkono wake.

Evstolia aliweka kijiko chini. "Nikifa wewe uko huko?"

"Bibi, una afya njema."

"Sikiliza, mwanangu. Gauni hili alinishonea mama nikiwa na miaka ishirini. Mwaka huo huo homa ya chawa ikamchukua, wakati wa vita vya ndugu kwa ndugu. Akaniacha msichana, mashavu mekundu, nywele mpaka hapa. Sasa nitazame. Nitafika kule nimekunjamana kama uyoga mkavu. Mama atanitazama, atapita. Uso wangu hataujua. Gauni atalijua, kwa sababu kila mshono ni wake." Akaikunja sarafani polepole. "Kwa hiyo chora, binti yangu. Chora utakavyo. Lakini haitoki."

Regina aliinamisha kichwa akasema ameelewa, na hakulirudia tena ombi lile.

Aliyelirudia ni Kapa, ndani ya moyo wake. Usiku ule na siku iliyofuata alilizungusha kichwani kama unga kwenye beseni. Hakujali Waviking wala darubini. Kilichomkamata ni wazo jingine, la kitoto, ambalo asingethubutu kulitamka mbele ya mtu: kwamba mama yake hataondoka bila nguo yake. Mtu anayefunga safari hungoja begi lake. Begi likiwa Leningrad, safari haipo.

Asubuhi ya kuondoka kwa Regina, Evstolia akiwa amelala bado juu ya jiko kubwa la matofali, ambako wazee hulala kwa ajili ya joto, Kapa aliingiza mkono ndani ya bunda. Alimsindikiza mgeni hadi kwenye uwanja wa nyasi ambako ndege hutua, na pale, injini ikiwa tayari inanguruma, akamtia mikononi kifurushi kilichofungwa kwa magazeti.

Regina alipapasa akajua. "Amekubali?"

"Amekubali."

"Kweli, Kapitolina?"

"Amebadili mawazo. Wazee ndivyo walivyo. Panda, usiachwe."

Ndege ikapaa juu ya misonobari. Kapa akarudi kwenye tanuri yake, na siku hiyo akaimba wakati wa kukanda, jambo ambalo wanunuzi wa mikate walilizungumza hadi jioni.

Mambo yalimnyookea kuliko alivyotarajia. Miguu ya Evstolia ilianza kuvimba mwezi wa tisa, akawa hashuki kutoka juu ya jiko ila kwa shida, na macho yake hayakufika tena hadi mezani. Jumamosi aliuliza kutoka kule juu:

"Vyote vipo?"

"Vyote vipo, Mama."

"Sarafani nondo hawajaigusa?"

"Hawajaigusa."

Mara ya kwanza ulimi ulimwuma. Mara ya tatu haukuuma. Na kweli, mama alikuwa akila vizuri. Alimaliza bakuli la uji wa shayiri, akadai mkate wa samaki, akamtukana Fevronia kwa mizaha ya kale. Kapa aliyatazama hayo akajiambia: umeona? Kifo kimeondoka na ile ndege.

Mwisho wa mwezi barua ya Regina ilifika. Aliandika kwamba kazi inakwenda polepole, darubini inagombaniwa, lakini ahadi ni ahadi. Kama Bibi ana wasiwasi, ataileta nguo wiki ijayo kabla ya matope ya vuli. Kapa aliisoma mara mbili nyuma ya duka la mikate. Kisha akajibu kwa kalamu ya risasi, juu ya kaunta yenye unga: Bibi hana wasiwasi. Usijisumbue. Kaa nayo hadi barafu ishike.

Barua hiyo ndiyo aliyokuja kuikumbuka kuliko uongo wote.

Mvua za mwezi wa kumi zilinyesha bila kupumzika. Uwanja wa nyasi ukawa bwawa, ndege zikasimama. Halafu baridi ikaja, mto ukaanza kubeba mabonge ya barafu: mashua haipiti, na kigari cha theluji hakiwezi kukanyaga. Kila mwaka Lendoga ilifungiwa hivyo majuma matatu au manne, na hakuna aliyelalamika, maana ndivyo Mungu alivyoupanga mto. Katikati ya majuma hayo Evstolia alianguka akishuka kujisaidia. Mfupa haukuvunjika, lakini alilala sakafuni kwenye baridi hadi Kapa aliporudi kutoka kazini, na siku ya pili yake kifua kikaanza kukoroma.

Tabibu wa kijiji alimchoma sindano, akasema ni mapafu, akamvuta Kapa hadi ukumbini. "Ningesema apelekwe hospitali. Lakini kwa njia gani, mama? Mpe maji ya moto."

Evstolia hakuhitaji kuambiwa. Walipomhamishia kitandani karibu na dirisha, alipumua kidogo, akasema, "Kapa, leta bunda."

Kapa alisimama katikati ya chumba.

"Umekuwa kiziwi? Leta bunda nilione."

"Bunda lipo, Mama. Sarafani haipo."

Fevronia, aliyekuwa akikoroga chai, aliacha kijiko.

"Iko wapi?"

"Leningrad. Kwa Regina."

"Aliiba?"

"Hakuiba. Nilimpa mimi. Nilimwambia umekubali."

Evstolia alijaribu kujiinua kwa kiwiko. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa sauti ya kamba inayovutwa. "Na Jumamosi zile zote?"

"Nilikuwa nakudanganya."

"Kwa nini?"

Kapa alitaka kusema jambo la maana, lakini lililotoka ndilo lililokuwepo. "Nilidhani nguo isipokuwepo, hutaondoka."

"Miaka hamsini na miwili," mama alisema polepole, "na akili ya kifaranga."

Akageuka ukutani. Hakusema neno siku nzima, wala hakunywa maji kutoka mkononi mwa Kapa. Alikunywa kutoka kwa Fevronia. Kapa alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha, akauona ule mgongo mdogo ukipumua, haukugeuka. Akatoka nje akasimama ukingoni mwa mto. Mabonge ya barafu yalikuwa yakipita, yakigongana, meupe, na upande wa pili barabara ya kwenda mjini ilionekana wazi, karibu kabisa.

Asubuhi iliyofuata Evstolia aliita mwenyewe.

"Lile gombo la kitani nililofuma mwaka ule wa njaa, lipo? Au nalo umewapa Waviking?"

"Lipo, Mama."

"Leta na mkasi. Na uzi wa kitani, si huu wenu wa dukani."

"Stolia, nipe mimi nishone," Fevronia alisema. "Kapa hajui hata kutia kiraka."

"Wewe usiguse. Amenivua yeye, atanivisha yeye."

Basi Kapa alishona. Mtu mwingine alipewa tanuri ya mikate, na yeye akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha, vidole vinene vikihangaika na sindano. Mama alimwelekeza kwa sauti iliyozidi kufifia. Sindano iende mbele tu, isirudi kwako. Usifunge fundo, nguo ya kufia haina fundo. Marinda hesabu nyuzi nne, ruka nne. Kitani hakikuwa na nili. Kilikuwa cheupe na kigumu kama turubai.

Siku ya pili alimletea mkanda wa kwanza. Evstolia aliupapasa kwa dole gumba, amefumba macho.

"Mpana huu. Unafunga ng'ombe? Fumua."

Kapa alifumua. Akaleta tena.

"Sasa afadhali. Ukunje mwisho wake, urudie ndani, ufanye kitanzi. Mama alishona hapo mara tatu, ili usichomoke ukibeba maji." Akapumzika. "Kumbe unaweza. Ningekufundisha mapema. Ulikuwa unakimbia."

"Nilikuwa nakimbia, Mama."

Kapa aliinama juu ya kitambaa asionekane uso. Baadaye akauliza, kwa sababu asingeweza kuishi bila kuuliza: "Na yeye atakujuaje? Bibi. Bila gauni lake."

Evstolia alivuta kitambaa karibu, akapapasa marinda.

"Nitamwita," alisema. "Mdomo si ninao."

Ungeweza kusema huo ndio msamaha, na Kapa alitamani kuuchukua hivyo. Lakini usiku wa tatu homa ilipopanda, mama alianza kupapasa blanketi, akivuta ukingo wake kwenda mabegani, akiuliza kwa sauti ya msichana: "Halijaja? Lile la buluu, halijaja?" Aliuliza mara nyingi. Mwishowe Kapa akamwambia limekuja, Mama, hili hapa, akamtia shati mkononi. Evstolia alilipapasa, akaliachia. Mikono yake ilijua vitambaa.

Alikufa alfajiri, mkanda mmoja ukiwa bado haujashonewa.

Fevronia alimwosha, na wakati maji yakimwagwa Kapa alikaa pembeni akimalizia mkanda wa pili. Alikosea mishono, akajichoma, tone la damu likaingia kwenye kitani mahali pa bega. Hakufua. Walimvisha shati, wakamvisha sarafani nyeupe, wakazungusha mshipi bila fundo. Fevronia, ambaye hakuwahi kukosa la kusema mbele ya maiti, siku hiyo alisema tu, "Marinda yamekaa sawa," akaenda kumwaga maji.

Regina alifika mwezi wa kumi na mbili, ndege ikiwa imevaa mbao za kuteleza juu ya theluji. Ilikuwa siku ya arobaini. Aliingia na kifurushi kifuani, sasa kimefungwa kwa karatasi nyeupe laini, pua nyekundu kwa baridi, akauliza kwa furaha, "Bibi yuko wapi?" Kisha akaona meza, sahani ya uji mtamu wa matanga, na wanawake waliofunga vitambaa vyeusi.

Kapa alimweleza yote jikoni. Regina aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Uliniambia amekubali."

"Nilidanganya."

"Na barua? Uliniandikia nikae nayo. Ningekuja, Kapitolina. Nilikuwa nimeshapata ruhusa ya kazini."

"Najua."

Wageni walipoondoka, Regina alitoa picha kwenye mkoba, kwa sababu alikuwa ameahidi kuzileta na hakujua afanye nini kingine. Katika moja kulikuwa na bizimu iliyogeuzwa, na ndani ya kutu ya kijani kitanzi kidogo cha kitani. Katika nyingine, mkanda wa Evstolia. Kukunja ni kule kule, alisema, na kurudia ndani ni kule kule. Lakini mishono ya kale imeoza nusu, na aliposoma matokeo mbele ya wenzake, mzee mmoja alisimama akasema kwamba kitanzi ni kitanzi. Katika ripoti aliandika neno "huenda" mara tisa.

Kapa aliishika ile picha ya kwanza. "Huyu wa kaburini alikuwa na umri gani?"

"Meno yanaonyesha miaka ishirini na kitu."

"Nani alimvisha?"

"Hilo halijulikani."

"Lakini kuna mtu alimvisha."

"Lazima," alisema Regina. "Hizo bizimu haziwezi kufungwa na aliyelala."

Kapa akaanza kulia hapo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa sauti mbaya, kama mtu anayekohoa, na Regina alikaa kando yake bila kumgusa kwa sababu hakujua kama ana haki.

Ni Fevronia aliyeleta shauri. Kapa alikuwa amesema atachukua shoka akapasue kaburi aiweke sarafani ndani. "Acha wazimu," kikongwe alimkemea. "Ardhi ni chuma, na aliyelala haamshwi. Umesahau desturi? Kitu alichosahau maiti, hupewa maiti anayefuata ampelekee. Nami nafuata. Nani mwingine hapa ana meno machache kuliko mimi?"

"Usiseme hivyo, Mama Fevronia."

"Nitasema. Niwekee miguuni. Nitafika, nitamtafuta Stolia, nitamwambia: chukua, na uache kununa. Maisha yangu yote sijawahi kuwa tarishi."

Kuanzia siku ile Kapa hakuwa na raha hata nyumbani kwa jirani. Alimpelekea kikongwe mkate moto kila asubuhi, akamkatia kuni, akamsugua mgongo kwa mafuta, na kila alipomsikia akikohoa kitu fulani ndani yake kiliinuka kusikiliza. Alijua kitu hicho ni nini, akajichukia. Alitaka kumzuia mama yake mwenyewe asife, na sasa alikuwa anangoja kifo cha mtu mwema.

Fevronia alikwenda katikati ya Kwaresima, amekaa, soksi moja mguuni na moja mkononi. Kapa alipeleka simu ya maandishi Leningrad: Fevronia amefariki. Gauni linaondoka. Njoo ukitaka kuliona.

Regina alikuja. Alikaa dirishani na lenzi yake saa nzima, akapima, akaandika, akapima tena yale aliyokwisha kupima. Jeneza lilikuwa wazi chumba cha pili. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Kapitolina, nikikuomba uniachie mkanda mmoja? Mmoja tu. Nimepita vijiji vingi. Mikanda ya namna hii sijaikuta kwingine. Siku moja darubini nzuri zaidi itakuja."

Kapa alifikiria. Hakukasirika. Aliona kwamba mwanamke huyu naye alikuwa akiomba kitu chake pekee.

"Atakayevaa ataivaaje na mkanda mmoja, Bi Regina?"

Regina aliweka lenzi mfukoni. "Samahani," alisema. Akaikunja sarafani yeye mwenyewe, marinda kwa ndani, mikanda juu, na wakaiweka pamoja miguuni mwa Fevronia. Wanaume wakapigilia misumari.

Hakuna aliyejua kama ilifika. Kapa alingoja ndoto, kwa maana ndivyo wafu hujibu, na ndoto haikuja: si Pasaka, si majira ya joto, si mwaka uliofuata. Aliwauliza wengine kama wamemwota Evstolia. Mmoja alisema amemwota anachuma uyoga, lakini amevaa nini hakukumbuka.

Habari za ile sarafani nyeupe zilikuwa zimezunguka kijijini, jinsi marinda yalivyokaa sawa. Mwaka wa pili mwanamke mmoja alimjia na kitani chake, anaona haya, akasema binti zake wako mbali na hawajui sindano. Kapa alimshonea. Akaja mwingine. Hakupokea malipo, alipokea uzi tu. Alishona jioni baada ya kufunga tanuri, sindano ikienda mbele, na kila aliyemshonea alimwita aketi karibu, akamwambia kwa nini mkanda unakunjwa hivi, na kwamba zamani sana, karibu na ziwa Ladoga, huenda mwanamke mwingine aliukunja vile vile, huenda si hivyo. Wanawake walisikiliza kwa adabu. Walichotaka kujua ni kama nguo itawatosha.

Alishona kumi na moja kwa jumla, moja kwa kila bibi aliyebaki Lendoga. Vijana walikuwa wamehamia mjini, nyumba zikafungwa madirisha kwa mbao mstari mzima. Majirani walipomuuliza lake liko wapi, alijibu kwamba kitani kimekwisha. Kitani kilikuwepo, nusu ya gombo, ndani ya kasha. Ila nguo ile huvikwa na mkono wa mtu mwingine, naye kila alipopiga hesabu ya waliobaki hakuona mkono huo ni wa nani.